Mbega Si Mvivu



Somo la mara hii linatoka msituni. Wengi wetu hapa Kabianga tumewaona mbega wa msitu wa Mau, wale weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni, wamekaa juu ya miti saa nne asubuhi bila kufanya lolote. Mtu akipita husema, "Tazama wavivu wale." Lakini huo si uvivu. Mbega hula majani, na majani ni chakula kigumu chenye nguvu kidogo. Tumbo lake lina sehemu kadhaa, na humo vijidudu huyachachusha majani polepole. Ndiyo sababu hupumzika zaidi ya nusu ya mchana. Yeye ametulia, tumbo liko kazini.

Na duma kule Masai Mara? Akisha kumkamata swala, mara nyingi haanzi kula papo hapo. Hulala kando ya nyama akihema, pengine hata nusu saa, ingawa fisi aweza kuja kumnyang'anya. Njaa anayo, lakini pumzi kwanza.

Sasa tujiangalie sisi. Mama anaamka saa kumi na moja, anakamua, anachuma chai, anabeba kikapu hadi kituoni na kungoja lori, halafu kuni, maji na chakula cha jioni. (Baba naye amepumzika vya kutosha pale senta, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine!) Mama huyo akiugua au akijifungua, vikundi vingine humwandikia faini kwa kukosa siku ya kazi. Sisi tunaona hiyo si haki. Tena ni hasara, maana anayerudi shambani na homa huenda akalala siku nyingi zaidi. Hata mchai tunaukata kila baada ya miaka 3 au 4, na hatuuchumi mpaka uchipuke vizuri. Kitabu cha Kutoka 34:21 kinaagiza pumziko hata wakati wa kulima na kuvuna, yaani wakati ule ule kila mtu anaposema hana nafasi.

Kikundi chaweza kukubaliana kwamba mgonjwa hatozwi faini, na mama aliyejifungua apewe miezi 3. Wenzake wamchumie kwa zamu, na pesa ziwe zake.

Maswali ya kuzungumzia: Sheria yenu ya faini inasema nini juu ya mgonjwa? Ni nani kati yenu hajapumzika tangu mwezi uanze? Juma lijalo, nani atamshikia kikapu?