Mtumishi Apimwe kwa Kazi Yake

Je, ni haki kumnyima mtu kazi kwa kuwa apenda watu wa jinsia yake? Swali hili lagusa mkate wa watu. Tulipime kwa mfano wa Marekani.

Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitia sahihi amri iliyotumika kuwaondoa watu hao katika utumishi wa serikali. Ilidaiwa kwamba adui angeweza kuwatisha kwa siri yao. Mwaka 1957 Frank Kameny, mtaalamu wa nyota aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, alifukuzwa katika idara ya ramani za jeshi. Hakushitakiwa uvivu wala wizi. Hata hivyo alionja njaa. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ilikataa kusikiliza shauri lake.

Hapa ndipo penye fundisho. Siri hiyo ilipewa nguvu na nini, kama si hofu ya kufukuzwa? Amri yenyewe ilizaa hatari iliyodai kuizuia. Marufuku ililegezwa mwaka 1975. Mwaka 2009 serikali ilimwomba Kameny radhi, naye ana miaka 84. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 1964 yakataza kufukuza hivyo.

Katekisimu ya 1992, isiyobadili mafundisho juu ya usafi wa moyo, yatuagiza kuwapokea watu hao kwa heshima, bila ubaguzi usio wa haki. Basi wazazi, tuwafundishe watoto wetu: mtumishi hupimwa kwa uaminifu na kazi ya mikono yake.