Pete Iliyozama Mchangani Bado Ina Mwenyewe

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Kariakoo na wote wanaokwenda ufukweni

Jumapili jioni na siku za Idi, wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Upanga hushuka baharini. Wengine huvuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, wengine hupanda daladala au bajaji hadi ufukwe wa Coco. Wengi huenda wamependeza, na huko ndiko pete za ndoa, mikufu na hereni za urithi hupotelea. Mafuta ya kujipaka na jasho hulainisha kidole. Wimbi likipiga mkono, pete huteleza bila mwenyewe kuhisi. Ukiweza, acha dhahabu nyumbani. Ikiwa imeshapotea, soma hapa kabla hujaanza kufukua.

Dhahabu haiendi mbali, inashuka

Wengi hukata tamaa upesi, wakiamini bahari imeibeba pete hadi kilindini. Sivyo. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19 ya maji ya ujazo uleule, ilhali mchanga haufiki hata mara tatu. Wimbi linaporusha mchanga, pete huzidi kuzama palepale hadi ikutane na tabaka gumu la mawe, matumbawe au udongo. Kandambili huelea na kwenda zake. Pete hubaki karibu na ilipoangukia. Kinachopotea kwanza ni kumbukumbu ya mahali.

Kwa hiyo usiondoke hapo, na usiruhusu ndugu na marafiki kumi wakachimbue kwa miguu, maana kila hatua huisukuma pete chini zaidi. Mtu mmoja asimame papo hapo. Fanyeni kama wavuvi wanavyoshika alama za miamba yao: tafuta vitu viwili visivyohama vilivyo kwenye mstari mmoja, mfano mti na nguzo ya taa nyuma yake, kisha jozi nyingine upande wa pili. Mistari hiyo inapokutana ndipo pako. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu pia, na uandike saa.

Kisha subiri maji yatoke. Hapa Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mahali palipokuwa pa kuogelea jana alasiri panaweza kuwa mchanga wa kutembea leo asubuhi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na eneo hilo linaweza lisiachwe wazi hata kidogo. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji kila mwaka. Mvuvi yeyote pale Feri atakueleza hali ya maji bila jedwali. Usichelewe wiki nyingi, kwa sababu upepo wa kusi na wa kaskazi huhamisha mchanga, na ufukwe hubadilika umbo.

Mashine inayosaidia na ile inayodanganya

Detekta, ile mashine ya fimbo yenye sahani mwishoni ambayo wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanaifahamu, hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mashine hugeuza mwitikio huo kuwa sauti. Kwenye mchanga mkavu kazi ni nyepesi. Kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, chumvi yenyewe hupitisha umeme, na mashine ya bei nafuu inayotumia masafa mamoja hulia ovyo. Ukikodi mtu, muulize kama yake inatumia masafa mengi au mapigo. Hizo ndizo zinazostahimili bahari.

Aanzie kwenye alama, avute kamba, apite mstari baada ya mstari, sahani ikikaribia kugusa mchanga. Pete husikika kwa kina cha shubiri moja hivi, mara chache zaidi. Sauti yake hufanana sana na ya kizibo cha soda au karatasi ya metali ya pakiti ya sigara, hivyo anayeruka sauti za takataka huruka na pete. Mkufu mwembamba ni mgumu zaidi, kwa kuwa kila pingili hujibu peke yake kwa sauti hafifu.

Programu za simu zinazotangazwa kutafuta dhahabu ni za kuepuka. Kihisi cha sumaku kilicho ndani ya simu hutambua chuma. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo programu hiyo itakuonyesha misumari tu.

Usiingie maji yaliyopita kiuno, wala usiingie peke yako. Buruza miguu, maana samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mwiba wake ni wa hatari. Fukia kila shimo. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu ya bahari, na huko huchimbi bila kibali. Ukiibua sarafu au kifaa cha zamani, kumbuka kwamba chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni mali ya kale inayolindwa. Kiache kilipo, kipige picha, uiarifu Idara ya Mambo ya Kale.

Ukiokota ya mwenzako

Kuokota kwenyewe si wizi. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu kinamwangalia aliyejichukulia kitu kilichopotea: je, hakumjua mwenyewe, na alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana? Pete yenye majina mawili na tarehe kwa ndani haimpi mtu sababu hiyo. Wala hanayo aliyemwona mama akilia mahali palepale saa moja kabla. Ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe siku, saa na mahali, nawe uondoke na kumbukumbu ya taarifa yako. Aliyepotelewa naye aripoti hukohuko, kisha ahakikishe habari zimefika Kituo cha Msimbazi, Kariakoo, kwa sababu dhahabu iliyookotwa pwani yaweza kuletwa kuuzwa huko.

Kwa masonara na wanunuzi wa dhahabu chakavu

Ninyi ndio lango la mwisho. Pete ikishaingia kwenye chungu cha kuyeyushia, jina, tarehe na muhuri vyote vimefutika, na hakuna polisi wala mahakama itakayoitambua tena. Kabla ya kuipima kwa jiwe na asidi, isome kwa ndani. Muhuri wa 750 ni karati 18, wa 875 ni karati 21, wa 916 ni karati 22; muuzaji asiyejua hata kimoja kuhusu pete anayoiita yake aulizwe zaidi. Andika namba ya kitambulisho chake, pima gramu mbele yake, piga picha, toa risiti. Kisha ikae siku kadhaa kabla ya kuyeyushwa.

Nanyi wenye vito, kazi yenu ianze leo: pigeni picha kila kipande pamoja na muhuri wake, andikeni uzito, tunzeni risiti ya sonara, na kwenye pete ya ndoa chongesheni majina. Sonara hawezi kukurudishia pete kwa maelezo ya kwamba ilikuwa ya dhahabu na ya mviringo.