Hisabati Kidato cha Kwanza: Kosa la Mwanafunzi Lina Sababu Yake

Matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa Tanzania, Hisabati huwa mkiani. Kwa miaka mingi zaidi ya watahiniwa saba katika kila kumi wameshindwa somo hilo. Anguko lenyewe huanza mapema, kwa kijana wa miaka 13 au 14 anayeingia sekondari na sehemu na desimali hazijamkaa kichwani. Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi na wakuu wa shule huniuliza mara kwa mara katika kazi yangu ya kuwalea walimu wa Hisabati.

Mwalimu, wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza hawajui hata kujumlisha sehemu. Nirudie ya shule ya msingi au nisonge mbele na muhtasari?

Usirudie yote, hutamaliza. Tafuta kwanza palipobomoka. Wape maswali machache yanayofichua wanavyowaza. Kipi kikubwa, 0.4 au 0.125? Anayejibu 0.125 anaisoma desimali kama namba nzima, kwa hiyo 125 inamzidi 4. Kisha andika 8 + 4 = __ + 5. Wengi watajaza 12, kwa sababu kwao alama ya sawasawa ni amri ya kuandika jibu, wala hawaoni kwamba pande mbili zinatakiwa kulingana. Falkner, Levi na Carpenter waliandika kuhusu swali hilo mwaka 1999: wanafunzi wote wa darasa la sita waliowapima nchini Marekani walijaza 12 au 17. Mtoto wa namna hiyo ukimfundisha milinganyo atakariri hatua tu, na wiki ya pili atazichanganya.

Sehemu zipe uzito wa pekee. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichambua takwimu za Marekani na Uingereza, wakaona kwamba uelewa wa sehemu na kugawanya alionao mtoto wa miaka kumi hivi unaashiria atakavyoiweza aljebra akiwa sekondari, hata ukizingatia akili yake na kipato cha wazazi. Kwa hiyo muda unaoutumia kwenye sehemu hujaupoteza. Muhtasari wa Kidato cha Pili unategemea uelewa huo.

KDS (kigawe kidogo cha shirika) nimeeleza mara nyingi, bado wanaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nifanyeje?

Acha kanuni kwanza. Mwache mwanafunzi alitazame jibu lake. Akunje ukanda wa karatasi katika sehemu mbili sawa apate nusu, achukue mwingine wa urefu uleule aukunje katika sehemu tano sawa, kisha alinganishe nusu na mbili ya tano. Ataona mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Muulize: ulianza na nusu, ukaongeza, umepataje pungufu? Nyamaza umsubiri. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu, lakini ndipo kazi inapofanyika.

Akishakubali kwamba jibu haliwezekani, atataka mwenyewe kujua njia. Sasa kunja ukanda katika visehemu sita: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano vya sita. KDS itakuja kama jina la kitu alichokwisha kukiona. Mstari wa namba nao utumie kila wiki, kwa sehemu, desimali na namba hasi, ili ajue kwamba zote ni namba na kila moja ina mahali pake.

Darasa lina wanafunzi 90. Nitamsikiliza nani?

Huwezi kuwasikiliza wote kwa mdomo. Dakika tano za mwisho toa swali moja, kila mmoja ajibu kwenye kipande cha karatasi. Usisahihishe kwa alama. Panga karatasi mafungu kwa aina ya kosa. Mara nyingi utapata mafungu matatu au manne tu, na kipindi kinachofuata kitajipanga kutokana nayo.

Mwanangu alifaulu vizuri darasa la saba, sasa anasema Hisabati haiwezi. Ni Kiingereza?

Mara nyingi lugha inachangia. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na maneno mapya na dhana mpya siku hiyohiyo. Mwombe akueleze swali kwa Kiswahili kabla ya kulikokotoa. Akilieleza vizuri, tatizo ni lugha. Akishindwa, ni dhana. Na tafadhali mzazi, usimwambie kwamba hata wewe hukuiweza.

Mwalimu wangu wa Hisabati nimempeleka semina, hakuna kilichobadilika. Nimsaidieje?

Semina huishia semina asipopata wa kuwa naye darasani. Mwaka 2018 Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walijumuisha tafiti 60 za ulezi wa walimu, wakakuta unaboresha ufundishaji na kujifunza. Waligundua pia kwamba programu zinapokuwa kubwa, manufaa hupungua. Ulezi ni kazi ya watu wachache wanaofahamiana.

Mlezi si mthibiti ubora, na fomu aiache ofisini. Kabla ya kipindi wakubaliane jambo moja tu la kuangalia. Darasani aketi kati ya wanafunzi, macho yake yawe kwenye madaftari. Baadaye wafungue madaftari matatu yenye makosa, aulize: huyu aliwaza nini? Swali hilo halimshitaki mwalimu, kwa hiyo atasema ukweli. Wengi wetu tulifundishwa sehemu kwa kukariri, na mwalimu anahitaji nafasi ya kukiri hilo bila kuonekana hafai. Ikibidi, mlezi ashike chaki afundishe, mwenyeji wake atazame.

Mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tayari unataka walimu wajifunze pamoja shuleni kupitia jumuiya zao za kujifunza. Kinachokosekana mara nyingi ni muda. Mkuu wa shule, tenga kipindi kimoja kila wiki ambacho walimu wote wa Hisabati hawafundishi, kiandike kwenye ratiba, na usiwaite kwenye shughuli nyingine saa hiyo.