Tangi lako la kwanza la samaki wa mapambo, Mbalizi

Anza na tangi la lita 60. Dogo zaidi huchafuka upesi. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24, klorini ipungue. Kisha yatie tangini na uvute subira: kabla ya kuweka samaki, washa chujio, tupia chembe chache za chakula kila siku, usubiri wiki 4 hadi 6 bakteria wazaliane kwenye sponji ya chujio. Hao ndio wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na kinyesi, na wanaoharakisha hapa huua samaki. Sponji isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya bomba. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Mbalizi ni kali. Samaki aina ya gupi wanahitaji hita, nyuzi 24. Samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa wanapendeza mno, lakini ni wagomvi: wasubiri tangi la lita 200.