Kuchagua Choki na Risasi za Kuwindia Bata Mzinga

Choki ni kipande kifungwacho mdomoni mwa mtutu wa bunduki ya marisau ili marisau yasitawanyike mapema. Mwindaji wa bata mzinga mwitu nchini Marekani hulenga kichwa na shingo tu; kwa hiyo huhitaji choki yenye kubana sana.

Ukubwa wa marisau hutajwa kwa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo marisau yanavyokuwa madogo. Namba 4 yana kipenyo cha milimita 3.3; namba 6, milimita 2.8. Makubwa hupenya zaidi, madogo huwa mengi zaidi katika ganda moja. Sheria ya jimbo husika ndiyo huamua yanayoruhusiwa.

Kabla ya kununua, tunashauri usome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Geji ya ganda ilingane nayo, na urefu wake usizidi uliotajwa. Marisau ya chuma ni magumu kuliko ya risasi. Yasipitishwe katika choki isiyotengenezwa kwa ajili yake, kwani huweza kuharibu mtutu.

Maneno ya paketi hayatoshi. Mahali salama pa shabaha, chora duara la kipenyo cha sentimita 25 kwenye karatasi, ufyatue kutoka mita 35, kisha uhesabu matundu. Wawindaji wengi hutaka yasipungue 100. Yakipungua, badilisha risasi au choki, ama ujaribu kutoka karibu zaidi. Umbali utakaofaulu kwenye karatasi ndio mpaka wako porini. Ndege apigwaye kupita hapo huenda akakimbia na majeraha, akafie mbali bila faida kwa yeyote.