Mbona wanaacha shule?

Swali: Mwalimu, mwanangu wa kidato cha pili ameacha shule. Wenzake wa hapa Mtongwe vilevile, ilhali watoto wa wanamaji hapo jirani wanamaliza. Wetu hawapendi kusoma? – Mama wa Mtongwe

Jibu: Wanapenda, mama. Mwanamaji ana mshahara kila mwisho wa mwezi. Kibarua wa bandarini hajui kesho. Mwaka 2018 serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, lakini sare, nauli na chakula cha mchana humwangukia mzazi. Mtoto akirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa ajili ya deni la gharama hizo, masomo humpita, aibu humwingia, na bodaboda inampa pesa siku hiyohiyo. Wavulana wengi hupotelea hapo. Msichana hutolewa shuleni na mimba, ingawa sera ya kumrejesha shuleni ipo tangu 1994, na inaniuma kwamba wazazi wengi hawajaambiwa.

Usingoje muhula mpya. Mwone mwalimu mkuu wiki hii, mwombe deni ulilipe kidogo kidogo, kisha ulizia basari ya eneo bunge la Likoni. Mwalimu mkuu akikataa kumpokea mtoto, nenda kwa chifu: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlinda mwanao.