Somo la Mwezi: Hesabu Kuni Zako

Mkulima, wazee husema, "Bandu bandu huisha gogo." Mwezi huu hatutazungumza habari za ng'ombe wala viazi. Tutazungumza habari za kuni, kwa maana mali nyingi huteketea jikoni mwako kila siku, na wengi hawaiandiki katika daftari la shamba.

Mpango wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962. Waulize wazee wa skimu yako: siku zile kuni zilitoka wapi, na leo zatoka wapi? Tangu hapo watu wameongezeka na mashamba mengi yamegawanywa, lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Miti ikikatwa upesi kuliko inavyoota, twapata hasara tatu.

Kwanza ni maji. Mvua inayonyesha penye miti huingia ardhini polepole, kisha hutoka katika chemchemi wakati wa kiangazi. Mto Malewa huanzia milima ya Nyandarua na kuingia Ziwa Naivasha. Maji ya bwawa la Sasumua, Kinangop Kusini, hunywewa Nairobi. Mlima ukibaki wazi, maji huteremka mbio na kuchukua udongo, na kiangazi kikija mto hupungua.

Pili ni udongo. Kuni zikikosekana, watu huchoma mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Hicho ni chakula cha shamba! Ukikichoma leo, msimu ujao utanunua mbolea ya magunia badala yake.

Tatu ni watu wa nyumbani. Mama na watoto huenda mbali kutafuta kuni, na moshi huumiza macho na mapafu yao.

Wala usidhani kwamba makaa yataokoa miti. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa.

Basi, fanya hivi:

1. Kausha kuni. Zipasue ndogo ndogo, uzipange chini ya paa mapema kabla ya mvua. Kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake.

2. Acha mafiga matatu yaliyo wazi. Upepo huchukua moto pande zote. Tumia jiko lenye kuta zinazozunguka moto, kama lile jiko la udongo liitwalo Maendeleo, lililoanza kuenea katika nchi yetu miaka ya 1980. Sufuria na ikae barabara juu yake, na nyufa zizibwe kwa udongo.

3. Roweka maharagwe na mahindi ya githeri tangu jioni. Funika sufuria. Chakula kikiiva, toa kuni, uzizime, uziweke kwa kesho.

4. Panda miti mipakani. Katiba ya mwaka 2010 yataka nchi ifikie angalau sehemu 10 katika 100 ya ardhi yenye miti. Kwa shamba la ekari 5, hiyo ni nusu ekari. Lakini usipande mikaratusi karibu na chemchemi au mto, kwa sababu hunywa maji mengi. Muulize bwana shamba ni miti gani inayofaa mahali penu, hasa penye baridi kali.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba yako hutumia mizigo 3 ya kuni kwa juma. Kwa mwaka ni mizigo 156. Ukiokoa mzigo 1 kila juma, utatumia 104. Mizigo 52 itabaki mtini, na mgongo wa mama utapumzika mara 52.

Neno moja kwako, bwana. Mara nyingi mwenye kushika pesa siye mwenye kubeba kuni. Ukinunua jembe husemi kwamba umemnunulia mama zawadi. Jiko nalo ni chombo cha shamba. Usingoje mama aombe mara tatu.

Kumbuka pia kwamba chemchemi yako ndiyo mto wa mtu wa bondeni. Dunia haina shamba la pili ambalo tutagawiwa hili likichakaa.

Maswali ya kujibu nyumbani:

1. Nyumba yetu hutumia mizigo mingapi kwa juma? Ihesabuni kwa majuma mawili, mkaandike.

2. Mwaka jana tulikata miti mingapi, na tulipanda mingapi ikaishi?

3. Je, samadi yetu huenda shambani au motoni?

Jibuni mkiwa pamoja, baba, mama na watoto. Ikiwa iliyokatwa ni mingi kuliko iliyoishi, anzeni kuchimba mashimo kabla ya mvua.